Kompyuta yasema doti 418, rafu zasema 391: hifadhidata ya duka la leso imekosewa wapi?

Mtoto_wa_Kibokoni · Jumamosi, saa 4:12 usiku

Asalaam aleikum nyote. Ami yangu ana duka la leso pale Biashara Street, Mombasa. Mali yake yote ameiandika kwenye vitabu vya kaunta tangu mimi sijazaliwa. Mwaka jana aliniomba nimhamishie kwenye kompyuta, nikamjengea kwa MySQL, programu ya hifadhidata: kompyuta mbili mbele kwa makeshia, laptopu moja stoo ya nyuma.

Jedwali kuu nimelipanga hivi: jina la leso, rangi, bei, idadi iliyobaki. Keshia akiuza, programu yaisoma idadi, yapunguza, yaandika mpya mahali pale pale. Mali ikiingia, yaongeza. Jedwali la pili ni la risiti. Basi.

Wiki hii tulihesabu kwa mkono, watu watatu, kuanzia baada ya Isha hadi saa sita na nusu. Kompyuta ilisema doti 418, yaani jozi za leso. Rafuni tulipata 391. Tukarudia, 391. Ami hakunikaripia. Alivuta droo, akatoa kitabu chake cha zamani, akaanza kuandika tena kwa kalamu, na hilo limeniuma kuliko kukaripiwa.

Nauliza: kosa ni la muundo au la watu? Na kazi hii huanzia wapi hasa, kwenye majedwali au kwenye fomu anazoziona keshia? Mimi nilianza na fomu.

---

FundiChangamwe · saa 4:31 usiku

Waaleikum salaam. Kosa umelitaja mwenyewe: "yaisoma, yapunguza, yaandika mpya". Kaunta ziko mbili. Fuata hapa.

Leso fulani imebaki doti 40. Keshia wa kwanza afungua skrini, asoma 40. Wa pili naye wakati huo huo asoma 40. Wa kwanza auza moja, programu yaandika 39. Wa pili auza moja, programu yake bado yakumbuka 40, nayo yaandika 39. Doti mbili zimetoka mlangoni, kompyuta imeiona moja. Ndiyo maana yako yasema zaidi ya rafu.

Usimpe keshia kuandika jumla. Iambie hifadhidata yenyewe "punguza moja kwa kilichomo sasa", ndani ya muamala mmoja pamoja na risiti. Vyote viwili viingie au vyote viwili visiingie.

---

BintiTudor · saa 4:50 usiku

Fundi, maelezo ni sahihi lakini 27 ni nyingi. Hiyo hutokea tu wote wawili wakiigusa leso ile ile katika muda ule ule. Siku ya kawaida utapata mara ngapi?

Mimi nauliza jambo lililo kabla ya hilo. Kwenye safu ya "idadi", moja ni nini? Doti au kipande?

---

Mtoto_wa_Kibokoni · saa 4:58 usiku

Fundi, shukran, kesho nabadilisha. Binti, moja ni doti. Mali huja kwa korja, kwa hiyo fomu ya stoo ina kisanduku cha korja, na programu yazidisha kwa 20.

---

MzeeWaMarikiti · saa 5:20 usiku

Mwanangu, korja ni 20, hilo sawa. Lakini ni 20 ya nini? Nimeuza nguo miaka mingi. Kuna anayekuletea korja akimaanisha vipande 20, yaani doti 10, na kuna anayemaanisha doti 20. Sisi tulikuwa twaulizana kwa mdomo kabla ya kufungua mzigo. Fomu yako haiulizi.

---

Mtoto_wa_Kibokoni · saa 5:26 usiku

Mzee, hilo limenishtua. Lakini kila korja iliyokosewa ingeongeza doti 10 kamili. Mimi nina 27, si 20 wala 30.

---

BintiTudor · saa 5:29 usiku

Makosa hayaji peke yake. Korja tatu zikizidisha 30, na doti tatu zikirudishwa na wateja bila kuandikwa, wapata 27. Usiitafutie namba moja sababu moja.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho. Muundo hauanzii kwenye fomu wala kwenye majedwali. Huanza kwa kukaa kaunta na karatasi, ukiuliza: hapa dukani, kitu kimoja ni kipi? Kipimo kiwe kile kidogo kabisa kinachoweza kutoka mlangoni. Kama kipande kimoja chaweza kuuzwa, hesabu kwa vipande, na doti iwe 2.

---

Shangazi_Majengo · Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Nani auza leso kipande kimoja Biashara Street? Leso ni doti. Ukimuuzia mtu kipande, kile kingine utakifanyia nini?

---

MzeeWaMarikiti · saa 1:40 asubuhi

Shangazi, huuzwa. Kipande kimoja kikiwa na doa la wino, hukitupi chote. Kizuri hutoka kwa bei ya chini, kibovu huwa cha kufungia mzigo.

---

NahodhaLikoni · saa 2:05 asubuhi

Hakuna aliyeuliza saa. Kenya tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na hifadhidata nyingi huhifadhi wakati kwa saa hiyo ya kimataifa. Ukiuza baada ya saa sita za usiku, seva yaweza kuyatupa mauzo siku ya mbele. Mwezi wa Ramadhani duka lafungwa saa ngapi?

---

FundiChangamwe · saa 2:18 asubuhi

Siku ya nyuma, Nahodha, si ya mbele. Saa sita na nusu usiku wa Jumatatu kwetu ni saa tatu na nusu usiku wa Jumapili kwa saa ya kimataifa. Chochote kilichouzwa kati ya saa sita za usiku na saa tisa za alfajiri huangukia jana.

---

NahodhaLikoni · saa 2:22 asubuhi

Nimesahihishwa, ahsante. Lakini hoja yabaki.

---

Shangazi_Majengo · saa 2:45 asubuhi

Nyinyi mwabishana siku ya mbele na siku ya nyuma, mumemuuliza huyo ami siku yake huanza lini? Kwa watu wazima wa huku, jua likizama siku imegeuka. Akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana ya ule unaotangulia Ijumaa, nyinyi mwauita Alhamisi usiku. Kitabu chake chafuata magharibi. Kompyuta yafuata saa sita.

---

Mtoto_wa_Kibokoni · saa 3:02 asubuhi

Shangazi, umenifungua macho. Nimemuuliza sasa hivi kwa simu, ni hivyo hivyo. Mauzo yote ya baada ya magharibi huyaandika chini ya tarehe ya kesho yake. Kumbe ndiyo sababu kila nilipolinganisha siku kwa siku nilikuwa nakosa.

---

BintiTudor · saa 3:10 asubuhi

Hilo laeleza tofauti ya siku. Halielezi tofauti ya rafu. Rafu haina tarehe.

---

Mwalimu_Frere · saa 4:30 asubuhi

Nimesoma wote. Nafundisha somo hili, niruhusuni niwe mrefu kidogo.

Kijana, jedwali lako limekusanya mambo matatu yasiyo ya jamaa mmoja: leso kama mchoro, leso kama mali iliyoko rafuni, na mwendo wa mali. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyetuonyesha namna ya kuyatenganisha. Alikuwa akifanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, alipochapisha makala yake Juni 1970. Kabla yake, mwandishi wa programu alilazimika kuijua njia ya kulifikia kila rekodi, kama mtu anayeifikia nyumba ya Mji wa Kale kwa kukumbuka kila kichochoro. Codd akasema data yote ikae katika majedwali, mistari ijuane kwa thamani zilizomo ndani yake, na anayeuliza aseme anataka nini, si apite wapi. Mwaka 1976 Peter Chen akaleta mchoro wa vitu na uhusiano wao, ule wa mistatili na almasi ninaowachosha nao wanafunzi wangu.

Sasa kwako. Ufunguo wa jedwali lako ni upi? Yaani kitu gani humtambulisha mstari mmoja asichanganywe na mwingine?

---

Mtoto_wa_Kibokoni · saa 4:41 asubuhi

Jina na rangi, Mwalimu.

---

Mwalimu_Frere · saa 4:44 asubuhi

Jina ni yale maneno yaliyopigwa chapa kwenye leso?

---

Mtoto_wa_Kibokoni · saa 4:45 asubuhi

Ndiyo.

---

Shangazi_Majengo · saa 5:03 asubuhi

Basi umekosea hapo, mwanangu, na sihitaji kusomea kompyuta kukwambia. Leso ina pindo kandokando, ina mji katikati, ina jina. Jina moja laweza kutoka mwaka huu na pindo la korosho, na mwaka kesho na pindo la maua. Mteja huja akiuliza jina kwa sababu ana ujumbe wa kumpelekea mtu, lakini akiona pindo halimpendezi ataiacha. Hizo ni leso mbili. Wewe umezitia kapu moja.

Na jambo jingine hamulitaji. Kina mama wachukuao mali kauli. Mtu aja asubuhi, abeba doti kumi apeleke Kongowea, jioni arudisha alizokosa kuuza na pesa za zilizouzika. Kompyuta yazijua hizo? Hazina risiti, hazipo rafuni.

---

FundiChangamwe · saa 5:15 asubuhi

Mali kauli! Hiyo peke yake yaweza kuwa 27.

---

Mtoto_wa_Kibokoni · saa 5:30 asubuhi

Nimemuuliza ami. Kuna watu wanne wanaochukua. Asema usiku ule tulipohesabu wote walikuwa wamesharudisha. Keshia mmoja asema watatu.

---

MsimboBamburi · saa 7:10 mchana

Salaam. Mwajisumbua na majedwali ya miaka ya 1970. Weka kila leso kama hati moja yenye kila kitu ndani: pindo, mji, jina, rangi zake zote, idadi ya kila rangi. MongoDB, hifadhidata ya hati, ipo tangu 2009 kwa kazi hii. Leso mpya ikija na jambo jipya, unaliongeza kwenye hati yake bila kubomoa muundo.

---

BintiTudor · saa 7:25 mchana

Msimbo, wewe kila mgonjwa wampa dawa moja. Mwezi uliopita ilikuwa mfumo wa ukumbi wa harusi.

---

MsimboBamburi · saa 7:31 mchana

Na ukumbi wa harusi hadi leo wafanya kazi vizuri, dada.

---

Mwalimu_Frere · saa 8:00 mchana

Tusimdharau, anachokisema kina mizizi. IBM walipojenga hifadhidata yao ya IMS miaka ya 1960 ili kuorodhesha vipuri vya mradi wa Apollo, waliipanga kama mti: chombo kina sehemu, sehemu ina vipuri. Mti ni mwepisi ukishuka kutoka juu. Ugumu waja ukiuliza kutoka upande mwingine. "Nionyeshe kila leso nyekundu, jina lolote, mji wowote." Hapo yabidi upite kwenye kila mti.

Dukani watu huuliza kutoka pande zote. Lakini sikatai kwamba yawezekana.

---

NahodhaLikoni · saa 8:20 mchana

Nilidhani haya majedwali na lugha yake ya SQL ni kazi ya kampuni ya Oracle.

---

Mwalimu_Frere · saa 8:34 mchana

Hapana. Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wote wa IBM, ndio walioitoa 1974, ikiitwa SEQUEL. Boyce alifariki mwaka huo huo, kijana bado. Oracle waliwahi sokoni 1979.

---

Pwani_Mkalimani · saa 9:05 alasiri

Nje ya mada: ni hifadhidata au kanzidata? Ndugu zetu wa Tanzania husema kanzidata, na mimi naipenda. Kanzi ni hazina.

---

MzeeWaMarikiti · saa 9:12 alasiri

Hazina isiyojua ina doti ngapi. Endeleeni, wanangu.

---

BintiTudor · saa 10:20 jioni

Narudi kwenye ufunguo, kwa sababu hili nimeliona likiumiza watu. Niliwahi kufanya kazi kwenye mapokezi ya kliniki moja. Aliyejenga mfumo alitambulisha wagonjwa kwa jina na namba ya simu. Huku kwetu mtu hubeba jina lake, la babake na la babu yake. Hatuna jina la ukoo la lazima kama fomu inavyotaka. Na Mohamed mmoja aliandikwa Mohammed, Muhammad na Mohamed, kwa kutegemea nani yuko zamu. Simu je? Mama mmoja alikuwa na watoto watano kwenye namba yake moja. Na safu ya simu ilikuwa ya tarakimu, kwa hiyo sufuri ya mwanzo ilimezwa: 07 ikawa 7, 01 ikawa 1.

Siku moja alikuja mtoto mwenye mzio wa penisilini. Faili iliyofunguka ilikuwa ya nduguye. Ilisema hana mzio wowote. Muuguzi alimuuliza mama kwa mdomo kabla ya kuchoma sindano, na swali lile ndilo lililomwokoa. Tangu siku ile siwezi kuliona jina likiwekwa kuwa ufunguo nikanyamaza.

Mpe kila mgonjwa, kila leso, namba yake isiyo na maana yoyote, itolewayo na hifadhidata yenyewe, isiyobadilika milele.

---

FundiChangamwe · saa 10:41 jioni

Pole kwa hilo, na alhamdulillahi muuguzi aliuliza. Lakini namba tupu haitoshi. Ukimpa kila mstari namba mpya, leso ile ile yaweza kuingizwa mara mbili kwa namba mbili, na hifadhidata haitalalamika. Lazima pia uweke sharti: pindo, mji, jina na rangi kwa pamoja visirudiwe.

---

BintiTudor · saa 10:48 jioni

Na jina likiandikwa "Wema hauozi" mara moja na "Wema hauozi." mara ya pili, sharti lako litalitambua?

---

FundiChangamwe · saa 10:52 jioni

Herufi kubwa na ndogo MySQL huziona sawa usipoibadilisha. Nukta haitaipuuza. Itaziita mbili.

---

BintiTudor · saa 10:53 jioni

Haya.

---

MsimboBamburi · saa 11:30 jioni

Angalau hayuko kwenye Excel. Mwaka 2020 kule Uingereza matokeo 15,841 ya wagonjwa wa korona yalichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu faili za muundo wa zamani huishia mistari 65,536. Iliyozidi haikuingia, na hakuna aliyeambiwa.

---

Mtoto_wa_Kibokoni · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Nimerudi. Leo niliketi kaunta na ami kama alivyoshauri BintiTudor, na nikamwomba nikisome kile kitabu chake. Sikuwahi kukisoma. Nilijenga mfumo mzima bila kukifungua.

Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula. Tarehe. Kisha mchoro mdogo wa pindo, umechorwa kwa kalamu ya wino, ukubwa wa kucha ya kidole gumba: korosho, au maua, au ngazi. Kisha jina la leso, lakini maneno mawili ya mwanzo tu. Rangi. Iliyoingia. Iliyotoka. Nani. Na pembeni kabisa herufi "k" kwa mali kauli, inayozungushiwa duara mali ikirudi.

Hakuna mahali alipofuta. Akikosea, hupiga mstari mmoja, kosa lasomeka, na huandika sahihi chini yake. Idadi iliyobaki haandiki popote. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Iliyobaki iko rafuni. Mimi naandika iliyopita mkononi mwangu."

---

Mwalimu_Frere · saa 3:58 usiku

Soma tena sentensi hiyo ya ami yako. Mimi huchukua vipindi viwili kuifundisha. Mwendo ndio huhifadhiwa, mstari kwa mstari, haufutwi. Iliyobaki ni jumla unayoikokotoa.

---

FundiChangamwe · saa 4:06 usiku

Na yaondoa lile tatizo langu la kaunta mbili. Kila keshia aongeza mstari wake, hakuna anayemwandikia mwenziwe juu.

---

MsimboBamburi · saa 4:15 usiku

Mistari ikifika laki kadhaa, kujumlisha kila mara kutakuwa kuzito. Utajikuta waiweka ile jumla tena.

---

FundiChangamwe · saa 4:19 usiku

Kwa duka moja la leso? Weka faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, kwenye namba ya leso, mashine haitahisi. Lakini kwa duka lenye matawi, nakubali, utafika huko.

---

Shangazi_Majengo · saa 4:30 usiku

Mumemsifu ami, vizuri, anastahili. Lakini doti 27 ziko wapi?

---

Mtoto_wa_Kibokoni · Jumamosi iliyofuata, saa 5:05 usiku

Taarifa. Sasa nina majedwali manne: michoro, pamoja na picha ya pindo iliyopigwa kwa simu, bidhaa, yaani mchoro na rangi yake, watu, na mwendo. Kipimo ni kipande. Fomu ya stoo yauliza korja ni ya vipande au ya doti, na haikubali kuendelea bila jibu. Mali kauli ina aina yake ya mwendo, ya kutoka na ya kurudi. Fomu nimezitengeneza mwisho.

Tumehesabu tena leo baada ya siku tano. Safari hii rafu zimezidi kompyuta kwa vipande saba.

---

BintiTudor · saa 5:11 usiku

Saba? Namba witiri?

---

MzeeWaMarikiti · saa 5:14 usiku

Nilisema kipande huuzwa.

---

FundiChangamwe · saa 5:16 usiku

Au kuna mali kauli iliyorudi bila kuandikwa. Nitumie mistari yote ya Alhamisi.

---

Shangazi_Majengo · saa 5:20 usiku

Alhamisi ya nani, yako au ya ami yake?